Protini za Mlangoni Zisizokaa Mlangoni

Fungua kitabu chochote cha biolojia cha sekondari, utazame mchoro wa seli. Katikati kuna duara la kiini, limechorwa kwa mistari miwili inayokatika hapa na pale. Mwanafunzi huambiwa kwamba pale palipokatika ni vitundu, anaandika, anapata alama yake moja, basi. Nami nilipita hivyohivyo. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kuwa mchoraji ameacha wazi mahali palipojaa vitu kuliko kwingine kote kwenye utando ule.

Kitundu kimoja cha seli ya binadamu kimejengwa kwa takriban aina 30 za protini, ziitwazo nukleoporini. Kila aina hujirudia kwa mafungu ya nane nane, hata jumla ikakaribia protini elfu moja. Zikishikamana, hufanya pete yenye upana wa nanomita 120 hivi. Mamia ya pete hizo yangejipanga kwenye unene wa unywele mmoja.

Kazi inayofahamika ni kupitisha mizigo. DNA inakaa ndani, protini zinatengenezwa nje. Kwa hiyo nakala za RNA sharti zitoke, na protini za kusimamia jeni sharti ziingie. Ajabu ni kwamba mlango huu hauna bawaba wala komeo. Ndani ya pete zimening'inia nyuzi za protini zisizo na umbo maalumu, zikiyumba kama mwani uliofungwa kambani kule Paje maji yanapojaa. Kila uzi una jozi ya asidi amino mbili, fenilalanini na glisini, inayojirudia tena na tena. Molekuli ndogo hujipenyeza. Kubwa hukwama, ila ikichukuliwa na mwenyeji, yaani protini za jamii ya impotini, ambazo zina vishimo vya kunasa jozi zile na kuziachia papo hapo. Ndivyo apitavyo sokoni mtu anayejuana na kila muuzaji: anasalimiana huku anasogea.

Lingekuwa hilo tu, nisingeandika makala hii. Baadhi ya protini hizi huliacha lindo na kwenda kufanya kazi nyingine. Mwaka 2010, tafiti zilizofanywa kwa inzi wa matunda zilionyesha kuwa nukleoporini iitwayo Nup98 huingia ndani kabisa ya kiini, mbali na utando, ikashika jeni za ukuaji na kuziamsha. Kwa binadamu, jeni ya Nup98 ikivunjika na kuungana na jeni nyingine, kwa mfano HOXA9, huzaliwa protini chotara inayochochea saratani kali ya damu. Chotara huyo hurithi nyuzi zilezile za mlangoni, nazo huko ndani hukusanya mitambo ya kuwasha jeni mahali pasipostahili.

Seli inapogawanyika, utando wa kiini huvunjwa na pete hubomolewa. Hapo kundi la Nup107 huhamia kwenye kromosomu, pale zinaposhikwa na nyuzi za kuzivuta huku na huku. Shughuli ikiisha, hurudi kujenga vitundu vipya. Seli za neva za ubongo, ambazo hazigawanyiki tena, hazina nafasi hiyo ya ukarabati. Utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta panya wakiwa bado na baadhi ya nukleoporini zilezile ubongoni baada ya mwaka mzima, na kwa panya mwaka ni sehemu kubwa ya maisha.

Anayeijua adabu ya mlango huu kuliko wote ni virusi vya UKIMWI. Jeni zake husafiri ndani ya ganda liitwalo kapsidi, lenye umbo kama la kikaratasi cha karanga kilichosokotwa. Upande wake mnene una upana wa nanomita 60 hivi, na kwa miaka mingi wengi tuliamini ni lazima livunjike nje kwanza. Picha za seli zilizoambukizwa, zilizochapishwa mwaka 2021, zilionyesha kapsidi nzima ikiwa katikati ya kitundu. Ganda lenyewe lina vishimo vya kushika jozi zile, likijifanya mwenyeji. Kishimo kimoja hushikana na Nup153 iliyo upande wa ndani.

Katika kishimo hichohicho ndimo inamokaa lenacapavir, dawa ya kupambana na virusi hivyo. Hulifanya ganda liwe kakamavu kupita kiasi na kulizuia lisishikane na wenyeji wake, ingawa pia huvuruga uundaji wa maganda mapya. Huchomwa sindano mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio la kinga lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yake yakatolewa mwaka 2024, wanawake 2,134 walipewa sindano hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.