Jongoo wa Bamburi na uji wa mshipani

Jirani yangu wa Kiembeni, mwanamume wa miaka 50 na kitu, alirudi kutoka hospitali akaniuliza swali nililolisikia mara nyingi hapa Bamburi: "Mwalimu, nikinywa maji moto na ndimu kila asubuhi, haya mafuta si yatayeyuka yatoke?" Ameambiwa mshipa wa moyo umeingia mafuta, naye anauona mshipa kama paipu: mafuta ya viazi karai yameganda humo kama yanavyoganda karaini yakipoa. Picha hiyo ni rahisi kuielewa, na ndiyo inayompotosha. Mafuta hayo hayako kwenye njia ya damu. Yako ndani ya ukuta.

Mafuta hayachangamani na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ini huipakia lehemu, tunayoiita pia kolesteroli, katika vifurushi vidogo vilivyofungwa kwa protini. Kifurushi kinachotuhusu zaidi ni LDL. Lehemu yenyewe si sumu; kila seli ya mwili huihitaji. Madhara huja vifurushi vinapokuwa vingi, mwaka baada ya mwaka. Pale ateri inapogawanyika, damu huzungukazunguka kama maji nyuma ya mwamba, na safu nyembamba ya ndani ya mshipa hulegea. LDL hupenya hapo, hunaswa na nyuzi za ukuta, kisha huchacha kama mafuta yaliyoachwa wazi.

Seli za ukuta huliona hilo kama jeraha. Hutoa protini za kunasa chembe nyeupe zinazopita na damu. Chembe hizo huingia ukutani na kugeuka makrofeji, yaani seli walaji, ambazo kazi yake ni kusafisha.

Kuielewa kazi hiyo, tazama Haller Park, hapa Bamburi. René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971 kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, majani makavu yalirundikana bila kuoza. Akaleta jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo wakayala majani, kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo, na leo pale ni msitu. Jongoo alifaulu kwa sababu anaweza kukimeng'enya anachokila.

Makrofeji haiwezi. Seli zetu hazina uwezo wa kuivunja lehemu. Makrofeji huikabidhi kwa vifurushi vingine, HDL, viirudishe inini. Halafu kuna jambo la mlango. Mlango wa kawaida wa LDL, ambao Michael Brown na Joseph Goldstein waliueleza wakatunukiwa Nobeli mwaka 1985, hupunguzwa seli ikishiba. LDL iliyochacha hupitia milango mingine ya makrofeji, nayo haijui kushiba. Seli hula mpaka ijae matone ya mafuta; ikitazamwa kwa darubini huonekana kama povu. Kisha hufa. Nyingine huja kuzika maiti, nazo hulemewa. Katikati hubaki rojo ambalo jina lake la kitabibu, atheroma, limetokana na neno la Kigiriki la uji.

Mwili hujaribu kuuzingira uji huo: seli za misuli ya mshipa hufuma kifuniko juu yake. Lakini mchochota, yaani mwitiko huo wa kinga kwa jeraha, ukiendelea, makrofeji humwaga vimeng'enya vinavyokitafuna kifuniko, na chembe T za kinga huzuia kisifumwe upya. Kikipasuka, damu hukutana na uji na kuganda papo hapo. Bonge likiziba mshipa, huo ndio mshtuko wa moyo, na mara nyingi hutokea mahali ambapo mshipa haukuwa umebanwa sana. Ndiyo maana mtu alitembea ufukweni jana bila maumivu, na leo anazikwa.

Kwamba hatari kubwa ni kupasuka, si mafuta ukutani pekee, Wamaasai walilionyesha kwa namna yao. Mwaka 1972 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai, watu wa maziwa, nyama na mwendo mrefu. Kuta za ateri za moyo zilikuwa nene sawa na za wazee wa Marekani, lakini mishipa ilikuwa imepanuka kufidia unene huo, na mabaka yaliyopasuka au kugandisha damu yalikuwa machache mno. Nasisitiza: mafuta walikuwa nayo ukutani.

Mwaka 2017 ukaja ushahidi wa upande wa pili, ule wa mchochota. Zaidi ya watu 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo walijaribiwa dawa ya kanakinumabu, inayozuia ishara moja ya mchochota bila kugusa LDL. Mishtuko ilipungua. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka kidogo, na hilo si dogo kwetu tunaoishi na kifua kikuu mitaani. Kuwanyamazisha askari wa mwili kuna gharama. Kuwapunguzia mzigo ni salama zaidi.

Jirani yangu alikuwa amepewa statini, akazimeza wiki sita, akaziacha kwa kuwa hakusikia tofauti. Nilimchorea ukuta ule nyuma ya risiti: dawa hulifanya ini livute LDL kutoka kwenye damu, uji ukapungua kidogo, na kifuniko kikawa kigumu. Maji moto na ndimu huishia tumboni. Aliitazama karatasi kwa muda, akaweka kidole kwenye kifuniko, akauliza kama wiki alizoruka zimekwisha kukidhoofisha. Nikamwambia alibebe swali hilo kesho kliniki, pamoja na pakiti ya dawa.