Mwanafarasi Dar: gharama kubwa ni kusubiri

Farasi wa kamba humfikisha mpandaji nyuma kidogo ya ndama anayekimbia. Kitanzi kikishika, husimama ghafla na kuikaza kamba. Ni kazi ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Mkazi wa Temeke farasi anaowajua ni wa polisi, siku ya mechi kubwa Uwanja wa Mkapa. Ila awe wa kamba au wa doria, hesabu ya kumlea haitofautiani sana. Mwenye eneo Chamazi au Mabwepande anayewaza farasi aanze nayo.

Mafunzo yenyewe ni machache. Mwanafarasi wa miaka 2 hufundishwa dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki: saa 130 kwa mwaka. Kwanza hatamu na kuongozwa. Kisha kamba hupitishwa taratibu mgongoni, miguuni, hata chini ya mkia, mpaka aache kushtuka. Halafu tandiko, halafu mtu. Ndama huja mwishoni, kwa kuwa uti wa mgongo hukomaa miaka 5 au zaidi. Ukimkazia mapema utabaki na kilema.

Miaka 3 basi ni saa 390 za mafunzo kati ya saa 26,280. Zilizobaki zote unalisha tu.

Tuchukue uzito wa wastani wa kilo 400. Hula asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 8 za nyasi kavu kwa siku. Miaka 3 ni kilo 8,760, sawa na marobota 584 ya kilo 15. Kila shilingi 1,000 ya bei ya robota inakugharimu 584,000. Maji lita 40 ni madumu mawili kwa siku, 2,190 kwa jumla. Bomba likikauka, kila shilingi 100 ya dumu ni 219,000. Kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 8, na fundi wake hayupo kila mtaa. Pumba inuse kwanza: yenye ukungu huweza kuua. Na chakula cha kuku chenye dawa ya monensin kisimkaribie kabisa.

Kisha maradhi. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, huweza kuua farasi 7 hadi 9 kati ya 10 wasio na kinga. Punda ni kama 1 tu. Mbung'o nao, kwa ugonjwa wanaoueneza kwa mifugo, ndio waliofanya mizigo ya misafara ya Bagamoyo ibebwe na wapagazi. Unguja iliwamaliza miaka ya 1990 kwa kuachia madume tasa kwa mamilioni. Bara bado wapo. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ni ya kila mwaka, na miaka 3 ya kusubiri ni miaka 3 ya hatari.

Ukitaka farasi wa kazi, nunua aliyefundishwa, wa miaka 6, hata bei ikikutisha. Ukitaka wa kubeba mizigo, nunua punda.