Diski za Kiuno kwa Wazee

Diski za uti wa mgongo ni 23, na zile tano za kiunoni ndizo zinazobeba mzigo mkubwa zaidi. Kila moja ina ukuta wa nyuzi ngumu nje na ute mzito ndani. Ujanani, karibu asilimia 80 ya ute huo ni maji. Umri unavyosogea hukauka na diski ikabonyea. Chakula cha diski hupenya taratibu kutoka mifupa ya jirani, na mwendo wa mwili husaidia. Shauri la zamani la kumlaza mgonjwa kitandani wiki nzima limeachwa, kwani misuli ya mzee hulegea upesi na hurudi kwa taabu.

Wazee wenye maumivu ya kiuno hawaumwi namna moja. Yuko ambaye ute umechomoza ukabana mshipa wa fahamu: huumia akiinama au akikaa sana, na maumivu humshuka mguuni. Mwengine, na huyu ndiye wa kawaida zaidi uzeeni, njia ya mishipa hiyo imekuwa nyembamba. Akitoka Darajani kwenda Forodhani, mjini Zanzibar, miguu humfa ganzi njiani. Akikaa barazani akainama kidogo, hupata nafuu. Kwa hiyo rukuu ya sala inayomuumiza wa kwanza huenda ikampumzisha wa pili.

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kuuliza, kumtazama mzee anavyotembea na kupima nguvu za miguu. Picha ya mgongo peke yake haitoshi: wazee wengi wasioumwa kabisa huonekana nao wana diski zilizochakaa. Wa kwanza huweza kufundishwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko, njia iliyoenezwa na Robin McKenzie wa New Zealand. Wa pili hulala chali akavuta magoti kifuani, au hupanda baiskeli. Wote wawili huimarisha tumbo na makalio, hujizoeza kuinuka kitini bila kushika kitu, na huongeza mwendo kidogo kidogo.

Mazoezi ya nusu saa hayafui dafu mbele ya kazi za siku nzima. Mbuzi ya kukunia nazi humkunja mtu karibu na sakafu. Bora kazi hiyo aachiwe kijana. Ndoo ijazwe nusu na ibebwe karibu na mwili. Kwenye ngazi za Mji Mkongwe, zilizo wima kama mlingoti, mguu mzima hutangulia kupanda na unaouma hutangulia kushuka. Asiyeweza kusujudu ana ruhusa ya kusali kitini. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wengi wao wanawake, huinama majini kwa saa nyingi. Wanahitaji kusimama na kujinyoosha kila mara.

Kuchuliwa kwa mafuta hulegeza misuli na hakuna ubaya. Hatari ni mkandaji anayenyonga kiuno mpaka kilie, kwa sababu mifupa ya uzeeni huweza kuvunjika.

Zipo dalili zisizongoja mazoezi: mkojo kuziba au kutoka wenyewe, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Homa, kukonda au maumivu makali ya usiku navyo vinataka daktari mapema, kwani kifua kikuu na saratani huingia mgongoni. Upasuaji wa uti wa mgongo hufanywa Hospitali ya Mnazi Mmoja, kwenye Taasisi ya NED iliyofunguliwa 2014, lakini wagonjwa wengi wa diski hawaufikii.