Mkojo Mwingi Si Ushahidi wa Tiba

Ipo hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, sokoni na hata katika vyumba vya walimu: kwamba dawa ya miti shamba haina madhara kwa kuwa imeota ardhini. Mtu aliyevimba miguu huchemshiwa ndevu za mahindi, akanywa, akaenda haja ndogo mara kadhaa, na papo hapo akatangaziwa kuwa amepona. Miti shamba siidharau hata kidogo. Ninachokipinga ni hoja hiyo.

Na tumtazame William Withering, tabibu Mwingereza. Mwaka 1775 aliombwa maoni kuhusu dawa ya kienyeji iliyokuwa siri ya bibi kizee mmoja wa Shropshire, ambaye aliwahi kuwaponya watu waliojaa maji mwilini baada ya madaktari kushindwa. Dawa yenyewe ilichanganywa mimea 20 au zaidi. Withering, aliyekuwa pia mjuzi wa mimea, akatambua kwamba nguvu zote zilikuwa katika mmoja tu, digitalisi. Akaujaribu kwa miaka kumi, akinakili vipimo alivyotoa, nani alipona, nani alitapika na nani alifariki. Kisha mnamo 1785 akayachapisha yote, yakiwemo yaliyomshinda. (Ni wauza dawa wangapi wafanyao hivyo, wa porini au wa dukani?)

Yeye aliuhesabu mmea huo miongoni mwa dawa za kuongeza mkojo, ingawa aliona kwamba unagusa pia mwendo wa moyo. Leo twajua kuwa moyo ndio hasa unaotiwa nguvu. Figo zikishapata damu ya kutosha, maji hutoka. Twajua pia kwamba kipimo kiponyacho hakiko mbali na kile kiuacho.

Miguu huvimba kwa sababu ya moyo, figo, ini, au hata ujauzito. Mwenye figo mbovu akinywa mchemsho wa majani yenye potasiamu nyingi, mapigo ya moyo wake yaweza kuvurugika, ilhali jirani yake alikunywa kinywaji kilekile asipatwe na lolote.

Ningependa basi mwalimu wa bayolojia, akishachora figo ubaoni, awatume wanafunzi nyumbani wakaulize: mmea gani, mzizi au jani, maji kiasi gani, alipewa nani, na baadaye ikawaje? Waandike, wasionje. Na jina la aliyewaambia waliandike pia, maana Withering, pamoja na uangalifu wake wote, hakuliandika jina la yule bibi kizee.