Mfalme wa Malindi Hakuvaa Taji

Hivi majuzi nilialikwa katika shule moja ya huku Gongoni kutazama mchezo wa kuigiza uliotungwa na wanafunzi wenyewe. Mada yao ilikuwa kuwasili kwa Vasco da Gama Malindi mwezi wa Aprili 1498. Vijana waliigiza vyema, na Kiswahili chao kilinifurahisha. Lakini alipotokea mfalme wa Malindi nilishtuka. Kichwani alikuwa na taji la karatasi ngumu lililopakwa rangi ya dhahabu, lenye ncha kama meno ya msumeno, sawasawa na mfalme wa karata.

Msomaji asidhani nawalaumu vijana. Taji hilo wamelitoa katika picha za vitabu tunavyowapa sisi walimu. La kusikitisha ni kwamba kielelezo kingine kipo, nacho kiliandikwa na Mreno aliyekuwamo katika safari hiyo hiyo. Anaeleza kwamba mfalme alivaa joho la hariri lililopambwa kwa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani. Aliketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Mzee mmoja alimshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Palikuwa na wapiga tarumbeta wengi, na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Ni nini hizo kama si siwa? Atakaye kuiona ya aina hiyo na aende Makumbusho ya Lamu, atazame siwa ya pembe iliyotoka Pate.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Mwingereza akitaja sherehe ya kumsimika mfalme hutumia neno lililozaliwa na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Sisi twasema kutawaza. Kama vile lala huzaa laza, na jaa huzaa jaza, ndivyo tawala inavyozaa tawaza, yaani kumfanya mtu atawale. Hamna taji humo. Kilemba, kwa upande wake, kimeenea katika usemi wetu: fundi hupewa kilemba mwanafunzi wake ahitimupo, na asifiwaye kwa uongo huambiwa amevikwa kilemba cha ukoka. Watu hawawezi kughushi heshima kwa kitu ambacho hakikuwa alama ya heshima.

Lakini nguvu ya vyombo hivi yaonekana zaidi pale mtu anaponyimwa. Habari za Pate zasimulia juu ya Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme ambaye mumewe aliuawa na mtawala. Alipotaka kumtahiri mwanawe kwa heshima iliyompasa, aliomba siwa, akakataliwa. Hakulia wala hakusihi. Alimwita fundi, akamwamuru amchongee siwa nyingine ya pembe. Katika visa vya mfalme Arthur, ambavyo kitabu cha Thomas Malory kilichapishwa Uingereza mwaka wa 1485, miaka 13 tu kabla ya Da Gama kutia nanga Malindi, kijana huchomoa upanga jiweni, na upanga ndio unaomtambulisha kuwa mfalme. Mwana Darini hakungoja chombo kimtambue; alikiagiza. Kwangu mimi, kisa hiki ni kizito zaidi, na nashangaa kwamba hakijapata mwandishi wa tamthilia.

Mamlaka ya pwani, basi, yalisikika kabla ya kuonekana. Jirani zetu Wagiriama nao wana mwanza, ngoma ya siri ya wazee wa kaya, ambayo uzito wake wote umo katika mngurumo. Hata Fumo Liyongo kifungoni aliomba apigiwe ngoma na matoazi, na kelele hizo ndizo zilizofunika sauti ya tupa iliyokata minyororo yake.

Haya niliwaeleza wanafunzi baada ya mchezo. Mwalimu wao alitikisa kichwa akasema kwamba taji la karatasi ni rahisi, siwa itatoka wapi? Kijana aliyeigiza mfalme alikwisha livua taji lake. Aliuliza kama kipande cha paipu kutoka mashamba ya chumvi, kikitobolewa ubavuni, chaweza kulia.

Nilimwambia ajaribu.