Visiki vya Miombo Vina Mshirika Chini ya Udongo

Abiria anayepanda boti Kibirizi, mkoani Kigoma, kwenda kijiji cha Mwamgongo hahitaji bango kujua Hifadhi ya Gombe inaanzia wapi. Kabla ya hifadhi ni miteremko ya mihogo, nyasi na makorongo ya udongo mwekundu. Kisha, ghafla, ni msitu.

Zamani tofauti hiyo haikuonekana. Lilian Pintea, mtaalamu wa picha za setilaiti wa Taasisi ya Jane Goodall, alilinganisha picha za mwaka 1972 na za 1999. Katika zile za kwanza miti imeenea ndani na nje ya hifadhi. Katika zile za baadaye Gombe, yenye takriban kilomita za mraba 35 tu za nchi kavu, imebaki kama kisiwa. Watu waliongezeka, vita vya nchi jirani vikaleta wakimbizi, na kila jiko lilihitaji kuni au mkaa. Sokwe wa hifadhi walibanwa. Wenyeji nao walibanwa, maana mvua kubwa kwenye mlima usio na miti huondoka na shamba.

Mradi wa TACARE ulioanzishwa na taasisi hiyo mwaka 1994 ulianza na kitu ambacho sote tungekifikiria: vitalu vya miche. Miche ina kazi yake, hasa ya matunda na ya kuni karibu na nyumba. Ila kuufunika mlima mzima kwa miche ni kazi ya kumwagilia, kupalilia na kulinda isiyo na mwisho. Somo kubwa zaidi lilikuwa limelala pale pale mlimani, kwenye visiki. Vijiji vilipotenga miteremko na kuzuia moto na shoka, visiki vilichipua vyenyewe, na baada ya miaka michache vikawa tena miti mirefu kuliko mtu.

Vinawezaje? Visiki hivyo ni vya miombo, na myombo huanza maisha kwa kujenga chini. Mche wake unaweza kukaa miaka kadhaa ukiwa mfupi ndani ya nyasi, ukiungua na kuchipua upya, huku mizizi ikizidi kushuka na kujaza wanga. Ukikata shina, akiba hiyo inabaki ardhini, na chipukizi huitumia mara moja. Mche wa kitaluni hauna akiba ya namna hiyo.

Kuna pia siri ya pili, ambayo wengi wetu tumeila bila kuitambua. Mwaka 1982 mtafiti wa Sweden, Peter Högberg, alichapisha uchunguzi wake wa mizizi ya miti ya Tanzania. Jamii kuu za miombo zilikuwa na ncha za mizizi zilizovikwa kuvu mithili ya soksi. Wataalamu huuita ushirika huo ektomikoriza. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hupenya mahali ambapo mzizi haufiki, zikaleta fosforasi, naitrojeni na maji. Mti nao hulipa kwa sukari unayoitengeneza majani yakipigwa na jua. Udongo wa miombo ni fukara, umeoshwa na mvua za karne nyingi, hivyo bila mshirika huyo mti ungeteseka. Mialoni ya Ulaya na Marekani huishi kwa mkataba huohuo, ingawa si ndugu wa karibu wa myombo. Mninga, unaoota bega kwa bega na miombo yetu, umechagua kuvu wa aina nyingine kabisa.

Uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara mvua zinapoanza, ukiwemo ule wa njano, ni tunda la kuvu hao. Kwa hiyo anayefyeka miombo na kung'oa visiki amefuta pia mboga ya Desemba, na wala hawezi kuipanda: uyoga huo haustawi bila mzizi hai wa mti wake. Wakoloni walioleta misonobari katika nchi za joto walilijua hili kwa uchungu. Miche ilidumaa hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu wake.

Kisiki kikilindwa, basi, mzizi na kuvu wanabaki pamoja. Huko Dodoma wakulima wamekipa jina kamili, kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, na yale uliyoyaacha unayawekea alama ili mchungaji na mpita njia wajue yana mwenyewe. Gharama yake ni panga na subira.

Kigoma jambo hili limehitaji zaidi ya mkulima mmoja, kwa sababu mteremko ni wa wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ziliwapa wanakijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi na kutangaza msitu wao wenyewe. Walikaa na ramani zilizotokana na setilaiti, picha ambamo mzee aliweza kuonyesha kwa kidole kisima chake na mipaka ya ukoo. Walinzi waliochaguliwa na vijiji huzunguka na simu, wakirekodi mitego, miti iliyokatwa na alama za sokwe. Binafsi naona ramani ile ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko simu: ugomvi wa mipaka ulipata mahali pa kusemewa.

Na Kibirizi inahusikaje, mahali pa dagaa na migebuka? Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba pale ambapo tope la milima iliyofyekwa huingia Ziwa Tanganyika, aina za viumbe wa mwambao hupungua. Tope hufunika mawe ambamo samaki wadogo hula na kutagia. Tusizidishe: dagaa huishi maji ya wazi, na kupungua kwao kumehusishwa pia na joto la ziwa na uvuvi uliozidi. Miombo haitarudisha dagaa.

Turudi mlimani: adui mkubwa wa chipukizi ni moto wa mwisho wa kiangazi. Majaribio yaliyoanza Ndola, Zambia, miaka ya 1930 yalionyesha kwamba kuchoma kila mwaka nyasi zikiwa zimekauka kabisa huugeuza msitu wa miombo kuwa mbuga ya nyasi, wakati moto wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu, huiacha miti ikae. Kwa vijiji vya ziwani hapa, hiyo ina maana ya kukubaliana na jirani tarehe ya Mei au Juni, kwa sababu moto wa Septemba ukiwashwa upande wa pili wa mpaka huingia kwenye msitu wa kijiji bila kuuliza sheria ndogo zinasemaje.