Mluzi Unaopanda na Mafuta

Injini ikiwa imezimwa, muziki ni safi. Ukiwasha gari unaingia mluzi mwembamba, na kila ukikanyaga mafuta nao unapanda. Wenye Noah na Hiace wengi hapa Mpwapwa wakiusikia hukimbilia kununua spika mpya. Spika hazina kosa. Mluzi unaofuata resi ya injini unatoka kwenye oltaneta, na swali la kuuliza ni umepenya wapi mpaka ukafika kwenye muziki.

Oltaneta huzalisha mkondo geu, kisha daiodi zilizo ndani yake, kwa kawaida sita, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa kuchaji betri. Mkondo huo haunyooki kabisa, hubaki na mawimbi madogo. Redio imefungwa ethi yake nyuma ya dashibodi, amplifaya imefungwa ya kwake kule kwenye buti. Ethi mojawapo ikiwa dhaifu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyo karibu ni ganda la waya wa sauti unaounganisha vifaa hivyo viwili. Hapo mawimbi ya oltaneta yanasafiri pamoja na wimbo.

Basi anza kwa kutenga. Zima mfumo, chomoa waya za sauti kwenye amplifaya, halafu washa injini na amplifaya. Mluzi ukibaki, tatizo lipo kwenye umeme au ethi ya amplifaya yenyewe. Ukiisha, chomeka simu isiyo kwenye chaji moja kwa moja kwenye amplifaya, upige wimbo. Sauti ikiwa safi, rudi mbele ukague ethi ya redio, na uangalie kama waya za sauti zimelazwa sambamba na waya mnene mwekundu wa betri. Zitenganishe, kila moja ipite upande wake wa gari.

Ethi ndiyo inayostahili muda wako. Magari yanayopandisha Kibakwe hutikisika kutwa nzima, nati zinalegea, vumbi linaingia chini ya kichwa cha waya. Fungua boliti, kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili kutu isirudi. Waya wa ethi uwe mfupi na unene wake usipungue ule mwekundu. Kisha weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya amplifaya, muziki ukiwa juu. Ikivuka sehemu moja ya kumi ya volti, kazi haijaisha.

Ethi zote zikiwa sawa na mluzi ungalipo, pima betri kwa mita iliyowekwa upande wa mkondo geu, injini ikiunguruma. Ikisoma nusu volti au zaidi, shuku daiodi iliyokufa. Nawasihi mafundi waache kabisa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili "kupima chaji". Volti huruka ghafla na kuua daiodi, hata kompyuta ya gari. Oltaneta nzima huonyesha takribani volti 14 kwenye mita iliyorudishwa upande wa mkondo mnyoofu, bila kuchomoa chochote.

Vichujio vya kuzuia kelele vinasaidia, ila vile vya bei ya chini hula besi, na ethi mbovu inabaki pale pale. Vifungwe mwisho.

Kelele nyingine hazihusiani na oltaneta. Tik-tik inayoongezeka na resi mara nyingi ni plagi au waya zake. Mkwaruzo unaokuja FM pekee, chomoa kwanza chaja ya simu. Redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani hushika megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali stesheni zetu zinafika 108, hivyo hufungiwa kigeuzi cha masafa nyuma ya redio. Kigeuzi kilichofungwa ovyo hukwaruza stesheni zote, wakati mkwaruzo unaokuja na kupotea unapozunguka vilima vya Kiboriani ni mawimbi yaliyozibwa na mlima, na hakuna fundi atakayeuondoa kwa kufungua dashibodi.